Mstari Mweusi Kuzunguka Picha Yako

Kwa Enoch Mpiga Chapa,
Nyuma ya Soko,
Arua.
14 Oktoba 1976

Mpendwa Kaka Fadhul,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na safari hii siandiki hivyo kwa sababu barua zote huanza hivyo. Naandika kwa sababu sijui. Je, u mzima? Kifua kinasemaje na baridi ya Nairobi? Unakula, au bado unakunywa chai tu na kusema umeshiba? Tafadhali yajibu haya kwanza kabla hujaendelea kusoma, hata kama ni kichwani mwako tu.

Sisi huku wote ni wazima, isipokuwa wewe. Usicheke. Nitakueleza, lakini ngoja kwanza nimalize salamu, maana nikianza na lile jambo sitaweza kurudi nyuma.

Mama miguu inamuuma kama kawaida, lakini haikumzuia kwenda sokoni kugombana na wauza samaki. Binti yako Hadijah ameng'oka jino la mbele. Amelirusha juu ya bati akaomba jipya, na sasa kila asubuhi anajitazama kwenye sufuria kuona kama limekuja. Mvua imekuwa ya kutosha na muhogo umekubali. Sukari hatuioni, sabuni tunaisikia kwa watu. Idi tuliila kimya kimya. Mahali pako tulipaacha wazi kwenye mkeka, kama kila mwaka, na Mama alipatazama sana mwaka huu kwa sababu barua yako ya mwisho ilikuja mwezi wa sita, na tangu mambo ya mpakani yaharibike hatujapata hata mstari mmoja.

Sasa nikueleze jinsi ulivyokufa. Ni mimi niliyekuua, na nilikuua kwa rula.

Ile shule ya Koboko uliyofundisha kabla hujaenda Nairobi kujifunza kazi hii yetu ya kupanga kurasa ilitaka kusherehekea miaka yake. Mkuu wa shule, Mwalimu Zubeiri, alikuja hapa kwa Enoch na mkoba umevimba kwa makaratasi na picha. Alisema anataka kijitabu kizuri, na apange Madinah, kwa sababu Madinah ni mdogo wake Fadhul na amefundishwa na Fadhul. Unaona? Jina lako lilikuwemo tangu mwanzo. Enoch, ambaye ndiye mwenye mashine na mwenye maneno yote, alikubali hata kabla ya kujiuliza karatasi itatoka wapi. Ilitoka Zaire, juu ya baiskeli, imenyeshewa pembe moja.

Nilifuata mazoea yako yote, Kaka. Nataka ulijue hilo kabla hujanihukumu. Nilisoma maandishi yote mwanzo hadi mwisho kabla sijagusa mkasi, kwa sababu uliniambia kwamba anayepanga bila kusoma ni kama fundi cherehani anayekata kitambaa kabla ya kumwona mvaaji. Nilikunja karatasi nikatengeneza kijitabu cha mfano, nikaandika kwa penseli kila ukurasa utabeba nini, nikahesabu kurasa nne nne ili mwisho usibaki na pengo kama la Hadijah. Majina ya walimu niliyaandika nyuma ya picha kwa penseli laini, wala si kwa kalamu. Niliosha mikono. Niliosha mpaka Okuonzi, yule wetu wa Ombaci anayeendesha mashine, akaniuliza kama nakwenda kusali.

Gundi ya dukani haikupatikana, kwa hiyo nilipika uji wa unga wa muhogo, nikauchuja kwa kitambaa. Ulishika vizuri, lakini mende nao waliupenda, wakala kipande cha historia ya shule. Hilo nilitaka kukuuliza hata kama pasingetokea lolote: mnatia nini huko ili mende wasiukaribie? Okuonzi alisema pilipili. Nilijaribu, nikapiga chafya juu ya ukurasa wa yaliyomo, ikabidi niupange upya.

Haya, tufike penyewe. Kulikuwa na ukurasa wa Walimu wa Zamani, una picha sita. Watano wamekwisha kufariki, Mungu awarehemu, na Mwalimu Zubeiri aliomba picha zao zizungushiwe mstari mweusi, kama ilivyo desturi huku kwa marehemu. Wa sita ulikuwa wewe. Nilitumia ile picha uliyotutumia mwezi wa sita, ya studio, umevaa kanzu nyeupe na umesimama mbele ya shuka jeupe.

Kaka, nani alikusimamisha mbele ya shuka jeupe? Nilipoibandika picha ile kwenye karatasi, mabega yako yalipotea. Kilibaki kichwa kinaelea, na viatu. Nikakumbuka ulivyoniandikia mwaka juzi, kwamba picha yenye weupe pembeni ifungwe kwa mstari mwembamba, la sivyo itamwagika ukurasani kama maziwa. Nikaifunga. Halafu nikakumbuka zoea lako jingine, lile unalolirudia kila barua: vitu vya ukurasa mmoja vivae nguo moja. Mstari wako ulikuwa mwembamba na ya wale watano ilikuwa minene, na macho yalikuwa yakijikwaa kila yakifika kwako. Nikaunenepesha wako ukalingana na ya wenzako.

Nilisimama mbali nikautazama. Nikaugeuza ukurasa kichwa chini, kama ulivyonifundisha, ili nione uzito wake bila kushawishika na maneno. Ulikuwa umetulia. Nakwambia kweli, ulikuwa ukurasa mzuri kuliko wowote niliowahi kupanga. Nilikwenda nyumbani nikiimba.

Hapo ndipo akili yangu inapokwama mpaka leo. Ni zoea lipi lililokosea? La kufunga picha ni zuri. La nguo moja ni zuri. Yote mawili ni yako, na nimeyatumia miaka miwili bila kumdhuru mtu. Nimeyaweka pamoja, yamezaa maiti. Usiku ule sikuona matanga, niliona mistari. Je, hivyo ndivyo macho ya fundi yanavyopaswa kuona, au yangu yameharibika?

Na usidhani nilikimbilia kupiga chapa. Uliniambia kazi ipite mbele ya macho ya watu wengine, nikaipitisha. Okuonzi aliitazama prufu, ile karatasi ya majaribio, akatafuta wino uliovuja na mstari uliopinda, hakuona. Yeye hata hakufahamu wewe ni nani. Kwake ulikuwa mwalimu mmoja miongoni mwa walimu. Mwalimu Zubeiri alisoma majina yote kwa kidole, akarekebisha moja, akaridhika. Chini ya picha yako imeandikwa kwamba ulifundisha hesabu na uchoraji, na hilo ni kweli. Kila mtu alitazama kipande chake na kila kipande kilikuwa sahihi. Hakuna aliyeutazama ukurasa kama vile angeutazama Mama.

Vitabu vilitangulia Koboko kwa ajili ya sherehe. Mimi nilibaki kumalizia kazi ya Enoch, nikapanda lori baadaye. Niliposhuka karibu na nyumbani kwetu Koboko niliona mikeka imetandazwa mbele ya mlango, wanaume wamekaa kimya, na viatu vya wanawake vimejaa barazani. Nilijua Mama amekufa. Nilianza kulia pale pale barabarani, nikatupa mkoba, nikalia kama mtoto, na wanawake wakatoka wakanishika wakinisindikiza ndani, wakiambiana kwamba sasa mnaona, alikuwa akijua.

Ndani nikamkuta Mama amekaa. Mzima. Analia. Nikanyamaza ghafla kama redio iliyoishiwa betri. Nikauliza ni nani basi.

"Fadhul," akasema.

Nakuapia, kwa kitambo kile nami niliamini. Nililia tena, kilio cha pili, na hiki kilikuwa chako. Nilipopata pumzi nikauliza ni nani aliyeleta habari.

Mama alinitazama kwa huruma mpaka nikaogopa. "Wewe mwenyewe naleta, mutoto yangu," akasema. "Iko hapa kwa kitabu."

Akakifunua kitabu, akaniwekea mapajani ukurasa wangu mzuri.

Nilieleza. Ewe Kaka, nilieleza mpaka koo likakauka. Nilieleza shuka jeupe, nilieleza mabega, nilieleza nguo moja. Nilichukua kaa lililozimika nikachora sakafuni nikiwaonyesha jinsi picha inavyomwagika. Wanawake walitikisa vichwa kwa upole. Amu Asuman, ambaye tangu Baba afariki amekuwa mkubwa wa kila kitu, aliitwa aje anisikilize. Alisikiliza mpaka mwisho, akatia ugoro, akasema.

"Madinah, sisi najua wewe. Wewe hapana weka kitu kwa kitabu bila kuuliza. Hata jina ya mutu wewe nauliza mara tatu. Sasa kwa kaka yako mwenyewe, wewe naweka tu?"

Sifa ile umenipa wewe. Ni wewe uliyesema tujenge jina la kuaminika, ili mtu akiona kitu kwenye ukurasa wetu asihitaji kuuliza tena. Basi nimelijenga. Sasa wanauamini mstari wangu kuliko mdomo wangu.

Halafu unajua siku hizi zilivyo. Habari mbaya hazisemwi waziwazi. Mtu akipotea, jamaa zake husikia kwa kuzungukazunguka: mmoja anarudisha kofia, mwingine anauliza kama watoto wana chakula, nao wenyewe wanaelewa. Kwa hiyo Koboko nzima imeelewa kwamba Madinah alipata habari huko Arua, akashindwa kuzitamka mbele ya mama yake, akazipitisha kwenye kitabu. Wananisifu kwa busara! Kila nikikana, wanaona jinsi ninavyojitahidi kumlinda Mama. Nikisema yu hai, wananipa maji ninywe.

Hitima yako ilisomwa vizuri. Watu walikuwa wengi na walileta sukari. Sukari, Kaka, siku hizi! Sijui waliitoa wapi. Hapo niliona jinsi unavyopendwa, na nilikunywa chai ya msiba wako yenye sukari ya kutosha huku nikijiuliza kama ni dhambi. Kanzu yako ya Idi amepewa Amu Asuman, na imemkaa vizuri kuliko ilivyokukaa wewe, samahani. Baiskeli nimeizuia. Nimesema imevunjika mnyororo.

Lakini haya yote si kitu. Kanzu hushonwa. Linaloninyima usingizi ni Asiya.

Mke wako ameingia eda. Amekaa chumbani kwenu amejifunga nguo nyeupe, hatoki, hajipaki mafuta, hacheki. Wanawake wazee wanamlinda. Nilipoingia kumwona nilijua kwamba huyu angalau ataniamini, maana wifi yangu ana akili kutuzidi sote. Nikakaa karibu yake nikamweleza polepole habari ya mstari. Akaelewa, Kaka. Ndiye mtu pekee Koboko aliyeelewa. Aliniuliza hata kwa nini sikuikata picha nikaacha uso tu, na hilo ni swali la fundi.

Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Mustari nimeelewa. Lakini barua iko wapi? Kama iko hai na hapana andika, mimi iko nani? Kama nakufa, mimi najua kulia. Afadhali hii."

Nilidhani nakwenda kumfungua kwenye mstari mweusi, kumbe yeye ameuchagua kwa sababu upande wa pili hauna mstari wowote. Mjane anajulikana akae wapi na aamkiwe vipi. Mke ambaye mume wake yuko kimya hajulikani. Unanielewa? Mimi sijielewi vizuri, lakini nililia njia nzima kurudi Arua.

Na eda haikai milele. Itakwisha mwezi wa pili. Kaka zake wamekwisha kuja kutoka Ludara kusema kwamba ikiisha watamchukua dada yao, na Hadijah akibaki kwetu ni sawa, maana ni wa ukoo wetu. Tena kuna mwanamume mmoja mwenye lori ambaye ameanza kupita mbele ya nyumba bila lori. Kwa hiyo usije ukaniambia kwamba jambo litajitatua lenyewe. Litajitatua, naam, na utarudi ukute mahali pako pamefunikwa.

Nimejaribu kukutafuta. Nilikwenda posta kupiga simu kwenye kiwanda chenu cha uchapaji, nikangoja asubuhi nzima kwenye benchi. Mara moja ilishika. Nikapaza sauti nikataja jina lako. Mtu akajibu kwamba hayupo, kisha ukaja mlio kama wa nzige, ikakatika, na haikushika tena. Hayupo! Hayupo mezani, ameenda kula? Hayupo Nairobi, amehamia mji mwingine? Hayupo vipi? Nilirudi kazini nikiligeuzageuza neno hilo, na kila nilipoligeuza lilikuwa na sura nyingine.

Enoch ni mtu mwema ukimzoea. Alisema tutoe karatasi ya masahihisho, ndogo, ibandikwe juu ya ukurasa ule katika kila kitabu, na karatasi ya Zaire ingalipo. Mwalimu Zubeiri akasema sawa, tena akaandika maneno mwenyewe: Mwalimu Fadhul yu hai, anafanya kazi Nairobi, tunaomba radhi. Okuonzi naye akatoa shauri lake, maana hupenda mambo mafupi.

"Toa mustari," akasema. "Piga chapa ingine. Mutu nafufuka, sisi nakunywa chai."

Nikakaa mezani nipange. Nikachukua rula. Na hapo, Kaka, ndipo lilipoinuka zoea lako lile kubwa, ambalo uliniandikia kwa herufi kubwa na kulipigia mstari chini: usiweke kwenye ukurasa jambo ambalo hujalithibitisha.

Nimethibitisha nini mimi? Nina picha ya mwezi wa sita. Nina barua ya mwezi wa sita. Nina sauti ya mtu posta aliyesema hayupo. Mwalimu Zubeiri hana zaidi yangu, ana matumaini tu. Nilikosea kukuzungushia mstari bila kuuliza. Sasa niutoe bila kuuliza? Nikichapa kwamba u hai, na baadaye ikaja habari nyingine, Mama atakuwa amezika mara mbili, na mkono wangu ndio utakuwa umechimba mara zote mbili. Nimemweleza Enoch, akasema nimechanganyikiwa. Ni kweli. Lakini yeye naye alipofikiri kwa muda aliweka chini kikombe, akasema afadhali tungoje.

Tena kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Kwa miezi ile yote ya kimya chako, nilikuwa nikikasirika na wewe kidogo, na nikiogopa kidogo, na nikijikataza yote mawili. Sasa ninajiuliza. Nilipokuwa nikiunenepesha mstari wako ulingane na ya wale marehemu, mkono haukutetemeka hata kidogo. Mbona haukutetemeka? Je, ni kwa sababu nilikuwa fundi tu usiku ule, au moyo ulikuwa umekwisha kukuweka pamoja nao bila kuniaga? Sijui. Ningemuuliza mtu mwingine, lakini ni wewe niliyezoea kukuuliza kila nikikwama.

Basi nakuomba jambo moja. Nimefunga kitabu kimoja pamoja na barua hii. Nenda studio. Kaa kitini, ushike kitabu hiki kimefunguliwa ukurasa wa Walimu wa Zamani, watu waone wazi picha yako ya zamani mkononi mwako. Barua peke yake haitoshi, maana Amu Asuman atasema imeandikwa na rafiki zako, lakini hakuna awezaye kushika kitabu cha matanga yake asipokuwa hai. Cheka ukiweza. Na kwa jina la Mungu, usisimame mbele ya shuka jeupe. Tafuta pazia jeusi, blanketi, hata ukuta mchafu.

Kwa Asiya mwandikie barua yake peke yake, si ya picha wala ya ukurasa. Mwambie kwa nini ulinyamaza. Kama ni mpaka, sema mpaka. Kama uliugua, sema. Kama kuna mtu huko Nairobi, sema pia, nitakasirika lakini nitakuwa na kitu kilichothibitishwa. Usimwache mahali pasipo na jina.

Barua hii inakwenda na Wani, dereva wa lori la tumbaku, ambaye ana jamaa Tororo anayevuka mpaka. Amesema ataikabidhi mkononi kwa mkono. Rudisha kwa njia hiyo hiyo kabla ya mwezi wa pili.

Hapa ndipo ningeandika kwamba wote wanakusalimu. Sijui niandikeje. Mama hakusalimu, anakuombea rehema kila baada ya sala, na sauti yake inanichoma kwa sababu anakuombea vizuri. Asiya siwezi kumsemea. Amu Asuman anakusalimu kwa kanzu yako. Hadijah, yeye peke yake, hajakubali. Anasema baba amekwenda Nairobi na atakuja na jino. Enoch anakupa pole ya kazi. Okuonzi anakusalimu sana, kwa sharti kwamba upo. Nawe wasalimie wote unaokaa nao, na mwenye nyumba wako, kama bado unayo nyumba.

Karatasi ya masahihisho ipo mezani kwangu, nimeipanga yote. Ukubwa wa picha yako nimeupima, nimeuacha wazi katikati, mweupe. Kila asubuhi napangusa vumbi juu yake. Okuonzi anapita, anatazama, anarudi kwenye mashine. Sitaijaza mpaka nipate kitu mkononi kutoka kwako, na sitaitupa.

Mola akulinde ulipo, akupe afya, akufungulie njia ya kurudi. Dua hii naiomba kwa ajili ya aliye hai. Ikiwa sivyo, basi Yeye anajua aipeleke wapi.

Ni mimi, mdogo wako asiyejua alie au angoje, lakini anayejua kwamba anakupenda,

Madinah

Nyongeza: Usishangae bahasha kuwa kuukuu, nimegeuza ya zamani. Ile mpya niliiharibu. Nilipomaliza kuandika jina lako juu yake nilichukua rula, na kabla sijafikiri, kwa mazoea tu, upande mmoja nilikuwa nimekwisha kuupigia mstari mweusi. Nimeichoma jikoni. Hii ya sasa nimeiandika bila rula, ndiyo maana jina lako limepinda.